Uso wa Aliyekaripiwa

3 Machi

Mdogo wangu,

Usishangae kupata bahasha badala ya simu. Tangu Baba ahamie kwangu, kiti chake kiko sebuleni, karibu kabisa na mlango wa chumba chetu, na nyumba hii unaijua, ukinong'ona jikoni unajibiwa chumbani. Nina jambo la Baba ambalo Baba hapaswi kulisikia. Bahasha nampa dereva wa basi linalopita hapo kwenye kituo chenu cha mbwa. Nawe nijibu kwa njia hiyo hiyo.

Baba anaiba. Nimeliandika neno hilo nikalikata, nimeliandika tena kwa sababu sina lingine. Anadokoa biskuti na jemu kabatini. Mzee wa kisukari! Alipokuja hapa sukari yake ilikuwa imetulia, hata daktari alimsifu. Sasa kila tukimtoboa kidole namba imepanda kuliko mara iliyopita. Na kila nikifungua kabati, pakiti imepungua na kopo la jemu lina alama ya kijiko. Pacha wanaapa si wao, na nimewanusa midomo. Shemeji yako hana habari na vitu vitamu, akitoka zamu anatafuta mto tu.

Kwa mengine Baba ni mzima kabisa. Magoti yametulia, anatembea bila kushika ukuta, na kila asubuhi anakwenda kukaa kwenye saluni yake ya zamani kuwasimanga vijana wanaonyoa kwa mashine. Ndiyo maana nashindwa kumwelewa.

Jana nilimuuliza. Sikumung'unya maneno. Nilisimama mbele yake na pakiti mkononi, nikamwambia, "Baba, hizi biskuti zinaliwa na nani?" Nakiri sauti ilipanda. Uso ukamshuka. Akaanza kujipangusa magoti kama mtu anayetoa vumbi, akageukia ukutani, halafu akasema, "Nisamehe, mwanangu." Mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?

Lakini moyo haujatulia. Wewe ndiye Profesa wetu, unashinda na mbwa ukiwatazama nyuso. Niambie, uso wa namna ile unaweza kuaminiwa?

Dada yako

11 Machi

Dada,

Nimecheka peke yangu mpaka mbwa wakanibwekea. Baba yetu, mzee wa kunyoosha kola hata akiwa anakwenda chooni, leo anavizia jemu!

Haya, umemuuliza mwenye swali lake. Utafiti wangu ni huo huo: je, mbwa anajijua kwamba amekosa? Nakueleza taratibu ili usije ukaniambia nakupiga chenga kwa maneno ya darasani. Katika utafiti kuna kitu ambacho wewe mwenyewe unakibadilisha kwa makusudi. Hicho tunakiita kigeu huru. Halafu kuna kitu unachokaa kukipima uone kama nacho kimebadilika. Hicho ni kigeu tegemezi, kwa sababu kinakitegemea kile cha kwanza. Kwa mfano, ukimwagilia mchicha kwa viwango tofauti ukapima urefu wake, maji ndiyo kigeu huru na urefu ndio tegemezi. Umenipata?

Kwangu mimi, kigeu huru ni nyama. Mwenye mbwa anaweka kipande sakafuni, anamwambia mbwa "usiguse", anatoka nje. Mbwa wengine nawaacha wale. Wengine nawashika kamba, nyama inabaki pale pale. Kigeu tegemezi ni dalili za aibu: masikio kushuka, macho kukwepa, mkia kuingia katikati ya miguu. Mwenyewe akirudi, mimi naandika ninachokiona.

Dada, ungemwona Afande! Ni dume kubwa linalolinda ghala, halimwogopi mtu. Alikula nyama yote. Mwenyewe akaingia, akaona sakafu tupu, akaanza kufoka, na lile dume likajikunja kama kitambaa cha deki. Mbwa ambao hawakula walisifiwa na kupapaswa mgongoni, wakabaki na mikia juu. Mzunguko wa kwanza umekwisha, na tofauti inaonekana hata kwa asiyesoma. Aliyekula anaonekana, asiyekula anaonekana.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: uso haudanganyi. Umeona ulichokiona. Usimwonee haya kwa sababu ni Baba, maana sukari haina heshima kwa wazee. Funga kabati kwa kufuli. Mwambie waziwazi mbele ya watu wote wa nyumba, ili asipate pa kujificha. Mbane sasa, atakushukuru baadaye.

Mdogo wako, Profesa (mtarajiwa)

24 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya ulivyosema. Kabati lina kufuli.

Nilingoja tukae mezani wote. Nikasema kwamba katika nyumba hii kuna mtu mzima anayejiua kwa kijiko, na kwamba namjua, na kwamba hata mdogo wangu anayesomea mambo haya amesema hana shaka. Pacha wakaacha kula. Shemeji yako akaendelea na sahani yake, unamjua asivyopenda makelele. Baba aliweka kijiko chini polepole. Masikio ya binadamu hayashuki, lakini nakwambia kila kitu kingine kilishuka. Mabega, kidevu, mpaka ngozi ya mashavu. Nikajisemea, Profesa kapatia.

Tangu siku ile amekuwa mpole hadi inakera. Anaomba ruhusa kunywa maji. Kiti cha sebuleni amekiacha, anashinda chumbani kwake na mlango wazi, kama mtu anayetaka aonekane muda wote kwamba hafanyi kitu. Mmoja wa pacha amemwambia mwenzake, "Usimpe Babu begi langu la shule," nami nilisikia nikanyamaza. Nilipaswa kumkaripia yule mtoto. Sijui kwa nini sikumkaripia.

Na bado sukari inapanda! Ina maana anapata mahali pengine. Nadhani ni kule saluni, vijana wanamnunulia soda. Nimemnyang'anya ufunguo wa geti. Aliutoa mfukoni kabla sijamaliza kuutaja, akaufuta kwa shati, akanipa. Sasa haendi saluni tena. Mwanafunzi wake wa kunyoa alikuja kumuulizia. Nikamwambia mzee amepumzika.

Inaniuma, lakini nimeshika neno lako.

Dada yako

30 Machi

Kwa mwanafunzi wangu,

Nimesoma rasimu yako. Lugha ni nzuri, michoro ni safi, na hitimisho halina miguu ya kusimamia.

Unasema kigeu huru chako ni kimoja, yaani mbwa amekula au hakula. Rudi ukasome maelezo yako mwenyewe. Kila mbwa aliyekula alikaripiwa. Kila ambaye hakula alisifiwa. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, ukakihesabu kimoja. Sasa utajuaje masikio yalishuka kwa sababu ya nyama au kwa sababu ya kelele?

Vitenganishe. Mbwa mmoja asile kabisa, lakini mwenyewe aambiwe kala. Mwingine ale yote, na mwenyewe aambiwe hakugusa. Wenye mbwa wasijue ukweli. Kisha pima upya.

Si kosa kubwa kwa anayeanza. Linakuwa kubwa likitumika kabla ya kurekebishwa. Natumaini hujamtangazia mtu matokeo haya.

Mwalimu wako

4 Aprili

Dada,

Barua yako niliipata siku nyingi, kazi zimenibana ndiyo maana nimechelewa. Huku kwema. Mwalimu ameniambia nifanye marekebisho madogo ya utaratibu, mambo ya kawaida tu.

Kuhusu Baba, nafikiri umeshamkaza vya kutosha. Labda umrudishie ufunguo. Mzee akikaa ndani muda wote ataota kutu. Huna haja ya kumpa sababu, mpe tu. Na ile ya kusema mezani, tusiirudie.

Nina haraka, basi liko nje.

Mdogo wako

13 Aprili

Mdogo wangu,

Kumbe huruma ni rahisi kwa aliye mbali! Juzi unaniambia nimbane, leo nimlegezee, na sababu hunipi. Mimi ndiye ninayeamka kumtoboa kidole. Ufunguo simrudishii.

Nimempeleka kwa daktari. Nikaeleza yote, biskuti, jemu, kufuli, huku Baba amekaa pembeni yangu na kofia mapajani. Daktari ni kijana, angeweza kuwa mtoto wa mwisho wa Baba. Akamwambia, "Mzee, wewe mtoto kuliko wajukuu zako," akacheka. Nesi naye akacheka. Mimi pia nilicheka, mdogo wangu, sijui kwa nini. Baba alitikisa kichwa kukubali. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema hana.

Njiani aliniomba nimrudishe kwenye chumba chake cha zamani, akaishi peke yake. Nikamwambia nani atakupikia, acha utoto. Tangu wakati huo anakula nusu sahani, na nikiingia na chakula anasimama wima kama mtuhumiwa anaposomewa shtaka.

Una jambo hujaniambia. Nimekulea, nakujua unapoandika kwa haraka.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Ninalo. Naliandika sasa kabla ujasiri haujaniishia.

Barua yangu ya tarehe nne ilikuwa ya uongo. Wakati ule tayari nilikuwa na barua ya Mwalimu mezani, ikinieleza kwamba utafiti wangu una kasoro. Mbwa niliowaacha wale walikaripiwa wote, na wale wa kamba walisifiwa wote. Nilidhani nabadilisha nyama, kumbe nilikuwa nabadilisha na makaripio. Niliona aibu kukwambia. Nilijiambia nirudie kwanza, pengine jibu litabaki lile lile na nitakuwa sina haja ya kujivua nguo mbele yako. Baba alikuwa anasimama wima kila ukiingia, na mimi nilikuwa nalinda jina langu la Profesa.

Nimerudia. Afande safari hii alikula nyama yote, lakini mwenyewe akaambiwa hakugusa. Akaingia akimsifu. Lile jizi lilimtazama machoni, mkia juu, likadai nyingine. Kuna jike dogo jeupe, lenye upole, halikula hata chembe. Nilikuwa nimelishika kamba mwenyewe. Mwenyewe akaambiwa limekula, akafoka. Dada, lilijilaza chini likageuzia uso ukutani. Nimewapitisha wote, na ndivyo ilivyo kwa wote. Uso haufuati kosa. Unafuata sauti ya anayekaripia. Na walionyong'onyea kuliko wote ni wale ambao hawakula kitu.

Ulichokiona kwa Baba ulikitengeneza wewe, na mimi ndiye niliyekupa zana. Natamani ardhi inimeze. Nilimhukumu baba yangu kwa barua, nikicheka.

Naomba nikuulize jambo moja, na hili nimelifikiria vizuri kwa sababu safari hii sitaki kukurupuka. Sukari ya Baba imepanda, hilo ni kweli, mashine haioni haya. Lakini tuliikimbilia biskuti kwa sababu ndiyo tuliyoiona. Kitu gani kingine kilibadilika wakati sukari ilipoanza kupanda? Chochote, hata kizuri. Kaa chini ukumbuke.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Magoti.

Alipohamia hapa alikuwa anashika ukuta. Nilikwenda duka la dawa nikaeleza, wakanipa vidonge, nikawa nampa asubuhi na jioni kwa mkono wangu, na magoti yakatulia. Nilijisifu hata kwako. Nilipoisoma barua yako nilichukua chupa ile nikaenda nayo kwa daktari bila miadi. Aliigeuza mara mbili, hakucheka tena. Ni dawa kali ya kutuliza uvimbe, na kazi yake nyingine ni kupandisha sukari. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema hakuniuliza, naye akasema ni kweli, hakuuliza, alisikia habari ya jemu akaridhika. Tunaipunguza kidogo kidogo, kuikatisha ghafla ni hatari. Namba imeanza kushuka.

Na jemu? Nilimsomea shemeji yako barua yako chumbani, kwa sauti ya chini. Nilipofika pale Afande anapomtazama mwenyewe machoni, alikaa kitandani. Ni yeye. Akitoka zamu ana njaa na hataki kuniamsha. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku ile mezani, akasema mwanzoni aliona ni jambo dogo, halafu likawa kubwa akashindwa kuliingilia. Alikuwa amekaa mbele yangu akitafuna, mdogo wangu, na uso wake ulikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Sikumtazama hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamfokea. Amekwenda kumwomba Baba radhi. Baba alimwambia biskuti ni zake, yeye ndiye baba mwenye nyumba.

Sasa lililonishinda. Niliwakusanya wote nikasema mbele ya pacha kwamba Babu hakuchukua kitu na mimi nilimzulia. Hilo nililiweza. Halafu nikaenda chumbani kwake peke yangu kumwomba msamaha, na ufunguo wa geti mkononi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Nilipokanyaga tu mlangoni, sijafungua mdomo, akasimama, akainamisha uso na kusema, "Nisamehe, mwanangu."

Nilisahau kila kitu. Niliweka ufunguo kitandani nikatoka. Mpaka leo upo pale pale.

Sina uso wa kumwangalia na yeye haniangalii. Mwandikie wewe. Labda karatasi hatasimama akiiona.

Dada yako

9 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma kwa siku mbili kwa sababu ya miwani, na kwa sababu kuna mahali wino umechuruzika. Usilie juu ya karatasi, mtu wa shule.

Umeandika mengi kuhusu mbwa na vigeu, na nimeyaelewa, hata lile la mchicha. Umeuliza kwa nini niliomba msamaha wakati sikula. Dada yako hajathubutu kuniuliza hilo, nami sijamwambia. Nakwambia wewe, utaona mwenyewe kama inafaa ajue.

Alipopaza sauti mara ya kwanza nilijua sikula. Niliomba msamaha ili atulie, kwa kuwa mama yenu alipokuwa akikasirika nilifanya hivyo hivyo na nyumba ikapoa. Lakini ile siku ya mezani ilikuwa tofauti. Alisema kwa uhakika, na akasema na wewe huna shaka. Nikawatazama pacha wanavyonitazama. Nikajiambia, hawa ni wanangu, nimewalea wasiseme uongo, hawawezi kunizulia. Basi nimekula na sikumbuki.

Tangu hapo nikawa najichunguza. Nikiamka nageuza mifuko nikitafuta makombo. Nanusa vidole. Mlango niliuacha wazi ili mtu anione kama nitainuka bila kujijua. Nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine nimeyafanya nikayasahau. Wateja niliowanyoa miaka yote ile, je, nilimkata mtu nikasahau? Kwa daktari nilisema sina la kusema kwa sababu sikuwa na uhakika na jibu langu. Nilitaka kurudi kwenye chumba changu ili kichwa kiniishie huko, wajukuu wasione. Kwa hiyo nilipokuwa naomba msamaha sikuwa nadanganya. Niliomba kwa dhati.

Sasa unaniambia kichwa changu kipo. Nilipofika hapo kwenye barua niliikunja nikakaa kidogo. Asante, mwanangu. Hilo peke yake limetosha, yale mengine tusamehane yaishe.

Kilichobaki ni huu uso. Nimeuambia haudaiwi kitu, hausikii. Jana dada yako aliniletea chai, akasimama, hakuondoka. Nilijua anasubiri nimtazame. Nilianza kutazama kikombe, macho yakapanda mpaka kwenye mikono yake, nikaona imezeeka, ina alama ya moto ambayo sikuwahi kuiona. Nikafika kwenye mabega. Hapo nikashindwa, nikashuka tena kwenye kikombe. Alisema, "Haya Baba, si neno," akaenda.

Kesho nitajaribu tena.

Baba yako